Geji ya Roho

Watu wa Kasulu wanamkumbuka Dereva kwa usafi wa mikono yake. Mimi namkumbuka kwa mguu wake wa kulia. Kwa miaka mitatu nilimchukia mtu yule kwa sababu ya mguu huo, na sikuona kosa kumchukia. Mke wangu, Anastazia, alikufa kwenye kiti cha nyuma cha gari alilokuwa akiendesha, mtoto wetu akiwa tumboni, katika barabara ya kutoka Makere kuja Kasulu, wakati Dereva akilionea gari huruma.

Jina lake silitaji. Hata enzi zile hakuna aliyelitaja. Mkubwa wetu alimwita Dereva, mke wake mwenyewe alimwita Dereva, na mimi karani wa ofisi, niliyekaa naye kiti cha mbele miaka minne, nilimwita hivyohivyo. Ofisi yenyewe nayo naiacha. Waliofanya kazi pale wataijua, na wasioijua hawajapungukiwa na kitu. Alizaliwa wapi na ukoo gani, hayo wataeleza ndugu zake. Mimi nataka kumweka hapa jinsi nilivyomjua, mazuri na mabaya, halafu niseme nilichokwenda kumwambia Kibondo na nilichorudi nacho.

Mikono kwanza. Dereva hakugusa usukani kabla hajanawa. Nyuma ya gari aliweka kopo la maji na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye kitambaa, na kila tuliposimama, hata kama ni kwa ajili ya haja ndogo tu, alinawa upya. Vumbi la kwetu ni jekundu na linaingia hata mahali ambapo halikualikwa, lakini halikuingia kwenye kucha zake. Alikuwa na kitambaa cha kujifutia na kingine cha kufutia dashibodi, na ole wako uvichanganye. Sabuni ilipoadimika madukani, mkewe alifulia majivu ya maganda ya ndizi ili kipande kilichobaki kiwe cha mikono ya mumewe. Siku moja alinitania mbele yake: "Shemeji, usinione hivi. Mimi ni mke mdogo. Mke mkubwa analala gereji." Dereva alicheka, ila hakukanusha.

Huyo mke mkubwa alikuwa gari jeusi la Ulaya, refu, viti vya ngozi nyekundu, na dashibodi ya mbao halisi iliyong'aa mpaka ukajiona pua. Lilikuwa la mzungu mmoja mwenye shamba huko mbali, aliyeondoka nchini akaliacha. Likapita mikono mingi, likapandishwa treni mpaka Kigoma, na wakubwa wa Kigoma walipoona tumbo lake linavyoburuza chini wakatusukumia sisi wa milimani. Ofisi nyingine zote za wilaya zilikuwa na Landrova. Sisi tulikuwa na gari la bwana harusi katika barabara za mawe, na Mkubwa wetu aliliona hilo kuwa heshima kubwa.

Kilichowashangaza watu zaidi ni zile geji. Zilikuwa tisa. Watoto walizihesabu kwa kubandika nyuso kwenye kioo, wakaziita saa. Tulipokwenda Kagerankanda wakati watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, nyumba bado majani matupu na wengine wamelala na vyombo vyao nje, wanaume waliacha mkutano wa Mkubwa wakaja kulizunguka gari. Mzee mmoja alichungulia sana, kisha akasema, "Mtu mmoja ana saa tisa! Sisi kijiji kizima tunaamshwa na jogoo mmoja."

"Si saa, mzee," Dereva akamjibu. "Saa ni ile moja tu, na imekufa. Hizi nyingine ni ulimi wa gari."

Hapo ndipo alipokuwa mwalimu. Sijawahi kusikia mtu akieleza kitu kwa raha kama ile. Alisema gari la kawaida lina geji mbili au tatu: ya mwendo, ya petroli, na labda ya joto la maji. Hilo linakwambia likishakufa. Gari la mkubwa linakwambia kabla halijafa, na hiyo ndiyo kazi ya geji nyingi. Akaonyesha ya umeme, mshale wake umesimama katikati: ukielekea kulia betri inakula, ukielekea kushoto betri inaliwa. Akaonyesha mbili za oili, ambazo madereva wengi hawazitofautishi. Moja inapima msukumo, ikwambie kama oili inafika kwenye vyuma. Ya pili inapima joto la oili hiyo, ikwambie kama imefika ikiwa na nguvu au imekuwa nyepesi kama maji ya uvuguvugu. Maji yanaweza kuwa baridi na oili ikawa inaungua, alisema, na mwenye kutazama maji peke yake atakuja kutembea kwa miguu. Wazee wa Kagerankanda walitikisa vichwa. Mkutano wa Mkubwa ulikuwa umeshakufa.

Ya tisa aliiacha mpaka mwisho. Ilikuwa ndogo, kulia kabisa, karibu na mlango wake, na haikuwa na namba. Ilikuwa na rangi tatu tu: kijani, manjano, nyekundu. Gari likiunguruma limesimama, mshale ulikaa kwenye kijani ukitetemeka kidogo kidogo. Dereva akikanyaga mafuta, ulianguka kuelekea nyekundu. Akiachia, ulipanda tena.

"Na hii?" wakamuuliza.

"Hii ni geji ya roho," akasema, sauti ameishusha. "Tazama inavyopiga. Ukilikaza gari, roho inaondoka. Ikikaa kwenye nyekundu, roho inakatika, na hapo hakuna fundi."

Hakuna aliyemfundisha hivyo. Kitabu cha gari kilipotea kabla halijatufikia, na hata kingekuwepo kisingemsaidia, maana Dereva hakujua kusoma. Miaka ile ya kisomo cha watu wazima, vibibi vizee vilikwenda darasani na daftari, naye akakataa. "Mimi nasoma tisa kwa wakati mmoja," alimjibu mwalimu. "Wewe unasoma ngapi?" Nilimwambia mara mbili nitamfundisha mwenyewe, pale ofisini, mchana. Akaniambia Karani, herufi zinaandikwa na watu, na watu ni waongo, ila mshale hauna mjomba. Nikaona amesema jambo kubwa, nikalirudia kwa wengine kama langu.

Msinione mjinga kwa kumwamini. Alikuwa na sababu za kuaminiwa. Siku moja tukiteremka kuelekea Malagarasi, Mkubwa amesinzia nyuma, Dereva alizima gari ghafla na kuliacha litambae mpaka likasimama kwenye majani. Hatukuwa tumesikia chochote. Alisema ule mshale wa msukumo wa oili umelala. Akaingia chini ya gari juu ya gunia, akatoka na oili hadi kwenye viwiko: jiwe lilikuwa limelegeza nati ya chini, na oili ilikuwa ikimwagika barabarani tangu tulikotoka. Dakika mbili zaidi na injini ingeshikana. Alichonga kijiti, akakiviringishia kitambaa, akaziba, akajaza oili ya akiba, tukafika. Mkubwa alimsifu kwa mwezi mzima. Mimi tangu siku ile nilianza kuzitazama geji zile kama anavyozitazama yeye, na baada ya muda nikawa siwezi kukaa kiti cha mbele bila macho kwenda kwenye ile ndogo ya rangi tatu.

Na usidhani alikuwa mtu wa roho mbaya. Ingenirahisishia. Wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia kwa maelfu, tulitumwa Nyabibuye kupeleka barua, barua tu. Dereva aliwaona bibi zao wamekaa kando ya njia, miguu imevimba, akatandika magunia juu ya ile ngozi nyekundu na kuwapakia. Alikwenda na kurudi siku mbili, bila ruhusa ya mtu, akiwashusha kwenye zahanati na kurudi kubeba wengine. Bibi mmoja alitapika kwenye zulia. Dereva, ambaye hakuruhusu hata mkate uliwe mle ndani, alifuta na kumwambia, "Pole, mama, ndiyo safari." Mkubwa alipoona viti alifoka mpaka mate yakamtoka. Dereva alisimama, mikono nyuma, na hakuomba radhi. Lakini katika siku zote mbili, huku watu wakilia nyuma, mshale wa roho haukugusa nyekundu hata mara moja. Alinieleza hivyo kwa fahari.

Kauli zake zilikuwa chache, akizirudia kama mtu anayezungusha rozari. Mwenda pole hajikwai. Gari si punda. Mlima haukimbii. Mkubwa alizipenda kauli hizo kwa sababu zake: petroli ililetwa kwa mapipa kutoka Kigoma, mara ipo mara haipo, na gari letu lilikunywa kidogo kuliko Landrova za wenzetu, ingawa lilikuwa kubwa kuliko zote. Kila mtu alidhani ni ubora wa gari la Ulaya. Hakuna aliyejiuliza, hata mimi niliyesoma mpaka darasa la kumi.

Sasa siku yenyewe.

Anastazia alikuwa amekwenda kwao Makere kujifungua, mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi. Sisi tulikuwa tumempeleka Mkubwa Kibondo kwenye mkutano wa juma zima, na tulikuwa tukirudi Kasulu wawili tu, Dereva na mimi. Tulipofika Makere, mchana, jua kali, shemeji yangu, ndugu wa Anastazia, alikuwa amesimama katikati ya barabara akipunga shuka. Anastazia alikuwa na uchungu tangu juzi yake. Mkunga wa zahanati alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali sasa hivi. Nakumbuka alitembea mwenyewe kutoka nyumbani hadi garini, akaniona, akajaribu kucheka. Alisema, "Leo na mimi nitapanda gari la saa tisa."

Mama mkwe aliingia naye nyuma. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, wala hawasemeshani ovyo, na kukaa gari moja ni jambo zito. Alijifunika kanga kichwani mpaka machoni, akamlaza mwanawe mapajani, akageukia dirisha. Dereva alinawa mikono. Ndiyo, hata siku ile. Kisha tukaondoka.

Kwenye tambarare alikwenda vizuri. Shida ilianza milimani. Gari lilipanda mlima wa kwanza kwa gia ya pili, taratibu, mshale kwenye manjano. Anastazia alikuwa akiita "Mawe, mawe," kwa lugha yetu, akimwita mama yake aliyekuwa amemshika. Kwenye mlima wa pili, ule mrefu, gari lilivuta kwa nguvu na mshale ukaingia kwenye nyekundu, ukalala. Kisha mguu ukaachia. Gari likapoa, likawa linapanda kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Mlima wa tatu hivyohivyo. Wa nne hivyohivyo. Mtu mwenye baiskeli, aliyeshuka akawa anaisukuma, alikwenda nasi sambamba muda mrefu, akitutazama kwa mshangao, mpaka akaona haya akageuza uso.

Katikati ya mlima wa mwisho, Kasulu inaonekana, ile sauti ya nyuma ilinyamaza. Nilidhani amepata nafuu. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Hospitalini walimtoa kwa machela, wakatuacha barazani. Muuguzi mzee alirudi haraka mno. Hakutupa pole kwanza. Alituuliza, "Mmechelewa wapi?"

Nilijibu mimi: milimani. Akasema damu ilikuwa imekwisha, mwili ungali wa moto bado, na akatutazama mmoja baada ya mwingine, akiona gari lile jeusi limesimama nyuma yetu bila hata jasho kwenye boneti.

Katika msiba Dereva alikuja kila siku. Alibeba kuni, akachota maji, akachimba kaburi kwa mikono ile. Mimi sikuwa na neno naye. Niliamini kwamba gari lisingeweza zaidi ya vile, kwamba tungelilazimisha roho ingekatika, na mke wangu angefia porini badala ya karibu na hospitali. Nilimshika mkono nikamwambia asante. Aliupokea mkono wangu huku akitazama chini, na nilidhani ni huzuni tu.

Mwaka mmoja baadaye Dereva aliomba kuhamishwa, akarudi Kibondo kwao. Gari lilikuwa limechoka, likaegeshwa, na ofisi ikamwita fundi mmoja Mrundi aliyeingia na wakimbizi. Huyo alikuwa amefanya kazi Bujumbura kwenye gereji ya magari ya wakubwa, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kirundi na Kifaransa. Nilikaa naye garini siku anaiwasha injini kuisikiliza. Mshale mdogo ukapanda kwenye kijani. Nikamwambia awe mwangalifu na ile geji ya roho.

"Ya nini?" akauliza.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, si kwa ubaya. "Hapana roho, bwana. Iyo inapima upepo moteri inavyovuta. Tazama." Akakanyaga, mshale ukaanguka. Akaachia, ukapanda. Akakanyaga tena. "Unaona? Ni mguu wangu. Inakuonyesha tu mguu wako unamwaga esansi, petroli yenu, nyingi ama kidogo. Waliiweka kusudi tajiri asiharibu esansi."

"Na nyekundu haiui gari?"

"Itaua namna gani? Mlimani kila gari inakwenda nyekundu. Ingine haina geji tu, haisemi."

Nilitoka garini nikaenda nyuma ya stoo, nikaihesabu upya milima ile, mmoja mmoja. Geji haikuwa ikipima gari. Ilikuwa ikipima mguu wa Dereva, na Dereva alikuwa akiuogopa mguu wake mwenyewe. Kila mlima ule ungepandwa kwa nusu ya muda. Anastazia alivuja damu saa nzima ili mshale wa kumsaidia tajiri kubana petroli usiguse nyekundu.

Ndipo nilipoanza kumchukia. Nilimchukia kwa bidii, kama mtu anayelima shamba lake. Mkewe alipokuja Kasulu kwa ndugu zake nilimpita sokoni bila salamu. Vita vya Kagera vilipoanza, nikasikia Dereva amechukuliwa kuendesha lori la chakula cha askari, nilijikuta nikiomba jambo ambalo siandiki hapa. Halikutokea. Alirudi.

Vita vilipokwisha nilitumwa Kibondo kikazi. Siku ya kwanza, kabla sijafanya kazi yoyote, niliuliza nyumba yake. Ilikuwa nyuma ya soko. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda uani, amekonda, kifua kinamsumbua, kikohozi cha vumbi la huko vitani. Mikono ilikuwa safi.

"Karani!" akasema, akanisalimu kwa lugha yetu. "Mwakeye. Karibu, kaa. Mama, mletee mgeni kiti."

Sikukaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na nilitaka kuyasema nimesimama. "Nilionana na yule fundi Mrundi," nikasema. "Ile geji, amenieleza kazi yake."

"Ego, ndiyo," akasema. "Na mimi alinieleza."

"Lini?"

"Mwaka uleule. Majani hayajaota juu ya kaburi. Nilikwenda kumuuliza mwenyewe, kule kwa wakimbizi wenzake."

Nilikuwa nimekuja kumfungua macho, kumwona akivunjika mbele yangu, kumbe alijua kabla yangu. "Ulijua," nikasema. "Ukakaa na mimi kiti kimoja miezi yote ile, tunakula pamoja, hukusema?"

"Sikusema."

"Basi wewe ni muuaji unayejijua. Umemuua mke wangu kwa ajili ya mshale! Ulitakiwa kukanyaga tu. Kukanyaga tu, Dereva! Hata mtoto angejua kukanyaga!"

Alitazama chini, na ule ukimya wake ukanipandisha hasira zaidi. Nilitaka anitukane, tupigane, lolote. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kiti mkononi. Alikiweka chini taratibu.

"Mwambie," akasema.

"Nyamaza, mama."

"Sinyamazi. Miaka mitatu huyu ananipita kama mti, nanyamaza. Leo anakuita muuaji kwenye ua wangu, nanyamaza tena?" Akanigeukia. "Shemeji, nani alisema nyekundu?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza nyekundu gani.

"Mlima wa pili. Dereva alikanyaga. Alikanyaga mpaka chini, aliniambia jioni ileile, analia kama mtoto. Akasema, liache life hili gari, nitamfikisha kwanza. Na gari likaenda! Nani alimshika mkono wa koti? Nani akamwambia, 'Dereva, nyekundu, nyekundu, unaua gari, hatutafika'? Kulikuwa na nani mbele zaidi ya nyinyi wawili?"

Nilifungua mdomo kukanusha. Neno "uongo" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Halafu nikalisikia lile koti, kitambaa kigumu cha kaki kilicholowa jasho, kwenye vidole vyangu. Nikaisikia na sauti. Ilikuwa yangu. Niliogopa gari litakufa naye ndani, porini, hakuna mtu, hiyo tu. Nilisema nyekundu mara mbili, na aliposita nikasema mara ya tatu, nikimvuta. Na milima iliyofuata, kila mshale ulipokaribia, nilikuwa ninamtazama, naye alikuwa ananitazama, na mguu ukiachia.

"Usimsikilize," Dereva akasema. Alikuwa anahema. "Hukuzaliwa unaijua nyekundu, Karani. Niliyekufundisha ni mimi. Na mimi nilikuwa naogopa vilevile, uliposema nikaona ndiyo. Fundi aliponieleza, nikasema, huyu akijua ya mshale, atakumbuka na ya mdomo wake. Nikaona mtu aliyezika mke na mtoto hawezi kubeba na hilo. Nikahama."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

Mkewe alikuwa analia sasa, amejuta kusema au hakujuta, sijui. Alileta chakula, ndizi na maharage, akakiweka kati yetu, tukakitazama mpaka kikapoa. Sikuomba radhi. Nasema hilo wazi, kwa sababu wakati mwingine nikisimulia huwa najipa maneno mazuri ambayo sikuyasema. Nilimshika mkono Dereva, naye akanishika, nikaondoka. Alikufa miezi michache baadaye kwa kile kifua. Habari zilinifikia amekwisha kuzikwa.

Lakini siku ile ya kurudi Kasulu nilishuka kwenye lori pale Makere. Kuna jambo moja nilitaka kulijua, na aliyelijua alikuwa hai. Nilimkuta mama mkwe uani, anachagua maharage kwenye ungo. Aliponiona alivuta kanga kichwani na kugeuza uso upande, na mimi nikageuza wangu, tukakaa hivyo, kila mmoja anatazama kwake. Alikuwa amezeeka. Niligundua sikuwa nimekanyaga pale tangu mazishi.

"Mama," nikasema, "siku ile garini. Ulisikia nilichomwambia Dereva?"

Aliendelea kuchagua maharage. Si swali la kuulizana sisi wawili.

"Nilisikia, mwanangu," akasema. "Nilidhani ndiyo sababu ulikuwa huji."